Nyumba Iliyoandikwa Jina Langu

Mume wangu alitoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, katika kijiji ambacho ukipanda kilima chake siku isiyo na ukungu unaliona ziwa lile lile tunaloliona sisi. Alikuja Bunda wakati ambao watu wengi walikuwa wanaelekea alikotoka yeye. Huku kwetu sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya foleni, na mwalimu kama mimi aliweza kuvaa gauni moja wiki nzima bila kuchekwa, kwa sababu hata suruali ya mwalimu mkuu ilikuwa na kiraka cha rangi nyingine. Watu walikata njia za porini kwenda Kenya kutafuta mafuta ya kupikia. Yeye alikata njia hizo hizo kuja kwetu kutafuta kazi. Kiwanda cha kuchambua pamba kilikuwa na mashine kuukuu zilizowashinda mafundi, na mtu aliyemfahamu alimwambia kwamba zinafanana na zile alizozizoea katika kiwanda cha sukari cha kwao.

Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi pale pale Bunda. Pampu ya kisima cha shule iliharibika, kiwanda kikatuazima fundi, akaja yeye. Alikuwa mrefu, mkimya, na Kiswahili chake kiliwachekesha wanafunzi. Alipomaliza kazi alinawa mikono kwa maji ya kwanza yaliyotoka, akaniambia, "Mwalimu, jaribu." Nikapampu, maji yakaja. Tangu siku hiyo mpaka mwisho hakuwahi kuniita jina langu. Aliniita Mwalimu, hata tulipokuwa na watoto wawili.

Kwetu ni Butiama. Baba yangu alikuwa mkulima wa kawaida, na alipopelekewa habari za posa aliuliza swali moja tu: "Huyo, kwao wanamjua?" Mshenga akajibu kwamba wanamjua vizuri. "Na huku je, nani anamjua?" Mshenga akaomba maji ya kunywa. Lakini ng'ombe walifika, mmoja mmoja, amewanunua mnadani kwa mshahara wake, na baba aliyekuwa anampenda mtu mwenye subira akaridhika. Tulifunga ndoa kanisani Bunda. Kwa upande wake alikuja kaka yake peke yake, kwa sababu mpaka ulikuwa umefungwa na kuvuka kulikuwa bado ni shida.

Baadaye mpaka ukafunguliwa, na mimi nikahamishiwa Musoma. Yeye akabaki kiwandani Bunda, akawa anakuja kila Jumamosi na kurudi Jumapili. Tulipanga vyumba viwili kwa mtu, tukatolewa kwa sababu mtoto wa mwenye nyumba anaoa. Tukapanga kwingine, mwenye nyumba akafa na warithi wakauza. Kwa yule wa tatu, mama mwenye nyumba alikuwa na tabia ya kufunga jiko la uani kwa kufuli akikasirika. Jumamosi moja mume wangu alifika na samaki wawili, sato, aliowanunua njiani, akanikuta nimekaa kizingitini na mtoto mdogo mgongoni, jiko limefungwa. Alipanga mawe matatu nje ya uzio, akawasha moto, akapika mwenyewe huku wapita njia wakimwangalia. Tulipokuwa tunakula alisema, "Mwalimu, tujenge."

Zilikuwa enzi ambazo watu walianza kusema kila kitu ni ruksa. Madukani vitu vilikuwa vimerudi, ila bei zake zilikuwa ngeni. Saruji haikuhitaji tena kibali, ilihitaji fedha, na fedha hatukuwa nazo. Waliojenga bila kuwa wafanyabiashara walijenga kwa mkopo wa benki. Basi siku moja aliomba ruhusa kazini, akavaa suti yake ya harusi, tukaenda benki pamoja.

Mfuko wake wa plastiki nilikuwa nauona miaka yote juu ya kabati, lakini sikuwahi kuona ndani. Alivitoa vitu vyake kimoja kimoja juu ya meza ya bwana mikopo. Kitabu cha akiba cha benki ya kwao. Barua ya kiwanda cha sukari. Karatasi zinazoonyesha kwamba aliwahi kukopa kwa ajili ya kumsomesha mdogo wake, na kwamba alilipa deni lote kabla ya muda. Aliziweka zikitazama upande wa yule bwana, akazinyoosha kwa kiganja.

Bwana mikopo alikuwa mtu mzima, mwenye miwani, wala hakuwa na dharau. Alizisoma zote. Kisha akazikusanya na kumrudishia.

"Bwana, hizi ni karatasi nzuri," alisema. "Ni za mtu mwaminifu. Lakini ni za kule. Huku hatuna kitu chako."

"Nilikuwaga nakopa na kulipa," mume wangu alisema. "Unaweza kuwaandikia, watakujibu."

"Nikiwaandikia, na wakijibu, bado itakuwa ni habari ya kule. Huku mshahara wako unalipwa mkononi, haupiti benki. Huna dhamana. Na hata ungekuwa navyo vyote, wewe si raia. Kiwanja hupewi. Sasa nikukopeshe ujenge hewani?"

"Uraia nimeomba."

"Lini?"

Akamwambia. Bwana mikopo alivua miwani, akaifuta kwa tai yake, na kwa mara ya kwanza tangu tuingie akanigeukia mimi. "Mama ni nani?"

"Ni mke wangu. Ni mwalimu."

"Mwalimu wa serikali? Raia?"

"Kwao Butiama," mume wangu alijibu, na nakumbuka kwamba alijibu kwa furaha, kama mtu aliyekuwa anazama akakanyaga mchanga.

"Basi mbona mnanichosha?" Bwana mikopo alicheka. "Kiwanja kiombwe kwa jina la mama. Mkopo kwa jina la mama. Makato yatoke kwenye mshahara wa mama. Wadhamini wawili, watu wa hapa wanaojulikana. Kazi imekwisha."

Tangu hapo aliongea na mimi. Mume wangu alikaa na mfuko wake mapajani. Tulipotoka nje alinishika mkono mbele za watu, kitu ambacho hakukizoea, akasema, "Mwalimu, tumepata nyumba." Nami niliamini hivyo. Mpaka leo nikiifikiria siku ile sioni pale ambapo ningesema hapana.

Mdhamini wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu wangu. Wa pili alikuwa baba, ambaye alikuja kutoka Butiama na fimbo yake na kofia ya sherehe, akaweka dole gumba penye wino bila kuuliza riba. Kiwanja kilipatikana Kigera, pembeni mwa Musoma, sehemu yenye mawe mengi, na ndiyo maana kilipatikana.

Nyumba ile aliijenga yeye. Watu wakisikia hivyo hudhani nasema kwamba alitoa fedha. Fedha alitoa, mshahara wake wote wa Bunda uliishia kwenye nondo na misumari, na sisi tukala kilichobaki kwenye mshahara wangu baada ya makato. Lakini nasema aliijenga kwa mikono. Kila Jumamosi alishuka kwenye basi, akabadilisha nguo, akaenda kiwanjani. Likizo zake zote ziliishia pale. Mawe aliyapasua mwenyewe kwa kuyachoma moto na kuyamwagia maji. Tofali alifyatua mwenyewe, akaajiri mtu wakati wa kupandisha kuta tu, na hata hapo alisimama nyuma ya fundi na kamba yake ya kupimia mpaka fundi akalalamika kwangu.

Benki haikutoa mkopo wote mara moja. Ilitoa kwa hatua: msingi, kuta, lenta ya zege juu ya kuta, bati. Kabla ya kila hatua alikuja mkaguzi. Siku alipokuja kukagua kuta, mume wangu alikuwa likizo na mimi nilikuwa darasani. Habari nilipewa na mume wangu jioni, wakati anaosha miguu kwenye beseni.

"Leo mtu wa benki amekuja," alisema. "Ameniuliza mwenye nyumba yuko wapi. Nikamwambia yuko shuleni. Akasema, basi fundi, umwambie mama kazi ni nzuri, lenta inaweza kuendelea."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia asante."

Akacheka. Mimi pia nikacheka, kwa sababu yeye alikuwa amecheka. Alikuwa na saruji kwenye nyusi.

Lakini neno lile alilibeba. Akaanza kusema, kwa utani, "nyumba ya Mwalimu". Dirisha la Mwalimu. Mlango wa Mwalimu utafunguka upande gani? Nilipomwambia ni nyumba yetu alisema, "Ndiyo, yetu," kwa upole, kama unavyomkubalia mtoto ili alale. Mtaani nako maneno hayakukosekana. Kwenye vilabu wanaume wa Bunda na Musoma walikuwa na jina lao kwa mwanamume anayekaa kwenye nyumba ya mkewe, na kuna mtu aliona vyema kumwita hivyo mbele ya wenzake wa kiwandani. Hakunisimulia yeye. Nilisikia kwa mke wa mwenzake.

Tulihamia bati likiwa limeshaezekwa na sakafu bado ya udongo. Baba alitaka tufanye sala ya shukrani, kwa hiyo tukaalika majirani, walimu wenzangu, na ndugu wa kutoka Butiama waliokuja na mbuzi. Padri alibariki nyumba. Kisha baba akasimama kuzungumza. Alikuwa mzee mwenye furaha siku ile, na maneno ya mtu mwenye furaha hayapimwi. Alisema kwamba yeye mwenyewe maisha yake yote alilala chini ya nyasi, na leo binti yake amejenga nyumba ya bati mjini. Alisema binti amempa heshima kuliko watoto wake wa kiume. Wanawake wakapiga vigelegele. Nikamtafuta mume wangu kwa macho. Alikuwa amesimama mlangoni na benchi begani, alikuwa ametoka kuliazima kwa jirani ili wageni wakae. Alilitua taratibu, akalifuta vumbi, akasema amesahau jingine, akatoka tena.

Kwamba maneno yale yalimchoma mkwewe, baba hakujua hata kidogo. Nilipomwambia wiki kadhaa baadaye alishtuka, akaja tena Musoma kwa ajili hiyo tu. Alimwambia mume wangu, "Mkwe, mdomo wangu umekosea. Kila mtu anajua hii ni kazi ya mikono yako."

"Baba, hakuna kosa," mume wangu alijibu. "Ulisema kilichoandikwa."

Kisha pamba ikaharibika. Sielewi vizuri mambo ya soko, ninachokumbuka ni kwamba walikuja wanunuzi binafsi, ushirika ukazidiwa, na mashine za Bunda zikawa zinasimama miezi. Wakatangaza kupunguza wafanyakazi. Wasio raia walitangulia. Kibali chake cha kuishi nchini kilikuwa kimefungwa na kazi ile, na kazi ilipokwisha kibali nacho kikaanza kuhesabiwa siku.

Tulikwenda idara ya uhamiaji pamoja kama tulivyokwenda benki. Nilijitahidi kuongea mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshajifunza kwamba ofisini wananisikiliza mimi. Nilimwambia kijana wa mapokezi kwamba huyu ni mume wangu wa ndoa, nina watoto wake, nina nyumba.

"Mama," alisema, "angekuwa mwanamke wa kigeni ameolewa na Mtanzania, utaratibu wake upo. Mwanamume wa kigeni aliyeoa Mtanzania, huyo sheria inasema mke ndiye anamfuata."

"Nimfuate wapi? Mimi ni mwalimu wa serikali, nina mkopo wa benki."

Aliinua mabega. Hakuwa mtu mbaya. Alituambia turudi baada ya wiki mbili, na baada ya wiki mbili akatuambia turudi tena.

Mume wangu ndiye aliyechoka kwanza. Jioni moja alikuwa anapaka rangi fremu ya dirisha la chumba cha watoto, dirisha la mwisho lililokuwa limebaki, akaniambia bila kugeuka kwamba kiwanda cha sukari cha kwao kinaajiri. Atakwenda, atafanya kazi, atatuma fedha tumalize sakafu. Kibali cha kututembelea si shida. Nilimwuliza kama ananiacha.

"Nitakuacha vipi, Mwalimu? Si unakaa kwenye kazi yangu?"

Kwa muda mambo yalikwenda hivyo. Alikuja kila mwisho wa mwezi na basi la kutoka Sirari, mpakani, na mkate, na sabuni za kunukia, na viatu vya watoto vilivyokuwa vimezidi kidogo ili wavikulie. Fedha alituma, sakafu tukaimaliza. Lakini akifika alibisha hodi. Nyumba aliyoipasulia mawe alisimama nje akabisha hodi mpaka mtoto aende kumfungulia. Nilimwomba aache, nikamwambia ananiumiza. Aliniambia ni adabu tu. Alianza kusema "nimekuja kwako", na "watoto hapa kwako wanakula vizuri". Tukagombana juu ya neno hilo moja kama watu wanaogombania shamba. Mwezi ukawa miezi miwili, kisha ikawa Pasaka na Krismasi tu. Sikusikia kwamba ana mwanamke mwingine, na baadaye nilihakikishiwa kwamba hakuwa naye. Alikuwa anakaa chumba cha kambi ya kiwanda na wanaume wengine watatu.

Kaka yake alikuja shuleni wakati wa mapumziko ya saa nne. Nilimwona anakatiza uwanja wa mpira na kofia mkononi, na nikajua kabla hajafika. Ilikuwa malaria, alisema, imepanda kichwani. Walimpeleka hospitali kwa trekta la miwa. Alikaa siku mbili bila fahamu, kisha akafariki.

Niliwachukua watoto tukaenda. Baba alitaka kunisindikiza lakini miguu yake ilikuwa imeshavimba, akanipa shuka lake jipya nikamfunikie mkwewe. Tulivuka Sirari mchana, tukashuka kwenye lami, tukatembea kwenye njia iliyokatiza mashamba ya mtama mpaka bomani kwao, ambako nilikuwa nimefika mara moja tu katika maisha yangu.

Nilitegemea kukuta watu wanachimba kaburi. Niliwakuta wanajenga. Wanaume karibu wote wa ukoo walikuwa uwanjani, wamekata miti, wamesimamisha nguzo, wengine wanafunga fito na wengine wanakandika udongo uliokuwa bado unachuruzika. Ilikuwa nyumba ndogo ya chumba kimoja, na walikuwa wanaijenga kwa haraka, kama watu wanaokimbiza mvua. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa chini kando yake, ananiangalia. Hakujua Kiswahili na mimi lugha yao niliijua ya salamu tu.

"Shemeji, hii ni ya nani?" nilimwuliza kaka yake.

Alitazama chini. "Ni ya mumeo. Kwetu mtu mzima mwenye watoto hazikwi bila nyumba yake. Lazima mwili uingie ndani kwake kwanza, ndipo utoke kwenda kaburini. Yeye hakuwahi kujenga hapa."

"Ana nyumba," nilisema. "Ana nyumba Musoma. Ya matofali, ya bati, ina vyumba vitatu. Aliijenga mwenyewe."

"Tunajua."

"Basi waambie."

"Shemeji, tulimwuliza mwenyewe alipokuwa hai. Tulimwambia njoo ujenge hapa, akasema bado anamalizia nyumba ya mke wake. Ilikuwa kauli yake. Wazee hawawezi kuigeuza."

Nilikaa chini karibu na mama mkwe. Sikulia palepale. Niliwaangalia wale wanaume wanavyokandika, na nikaona kona moja imepinda, nguzo imekwenda upande, na nikawaza kwamba yeye asingekubali, angechukua kamba yake akaanza upya. Ndipo nililia. Mama mkwe alinishika kichwa akakiegemeza mapajani kwake. Aliongea maneno mengi, na sikuomba nitafsiriwe.

Walimwingiza ndani kabla udongo haujakauka. Mimi na watoto tuliingia naye, kwa kuwa ilikuwa ni nyumba yake na sisi ndio watu wake. Nilimfunika shuka la baba. Ndani kulinuka udongo mbichi na majani ya mti, na mwanangu wa kike aliegemea ukuta, nguo yake ikachafuka mgongo mzima. Tulimzika alasiri, upande wa kulia wa mlango. Wakati wa mvua za mwaka uliofuata, kaka yake alinitumia habari kwamba nyumba imeanguka na kwamba kwa desturi haitajengwa tena.

Mkopo niliumaliza peke yangu, kwa makato ya kila mwezi, watoto wakiwa sekondari. Nilipokwenda kuchukua hati yangu ya nyumba nilimwuliza mama wa ofisi ya ardhi kama jina la mume wangu linaweza kuongezwa, hata kwa herufi ndogo. Alidhani ninataka kugawana mali, akanikalisha chini kunishauri. Nikamweleza kwamba ameshafariki.

"Pole sana, mama. Marehemu hamiliki."

"Najua. Nilitaka liwepo tu."

Alinihurumia, akaniletea maji ya kunywa, lakini jina halikuwekwa. Bado ninaishi pale. Wageni wakisifu kuta zile nene na kuniuliza nilipata wapi fundi, nawaambia ni mume wangu. Wengi hudhani wamesikia vibaya, wanauliza tena, nami nawajibu tena.